Jumamosi Tulipoanzia Kwenye Chemko

Bendi yetu, Mawe ya Kolo, ilikuwa na watu kumi na mmoja, na hakuna bendi nyingine Dodoma iliyothubutu kupiga wimbo wa nusu saa. Mimi ndiye niliyeutunga. Uliitwa "Picha za Kolo", kwa ajili ya michoro ya kale ya twiga na watu kwenye miamba ya huko, kila mchoro na kipande chake. Tarumbeta zilianza taratibu kama watu wanaopanda mlima, gita langu la solo likazijibu, mapigo yakabadilika mara tatu, na watu wote wametulia vitini wakisikiliza. Mwishoni kabisa ndipo lilipokuja chemko, ile sehemu ya kasi ambayo watu huinuka kucheza.

Kisha serikali ikaruhusu biashara binafsi, hoteli zikachipuka Dar es Salaam, na wapiga tarumbeta wetu wote wakaenda huko. Wengine wakawafuata. Tukabaki wanne: mimi, Amiri wa besi, Raphael wa ngoma na Zipora mwimbaji.

Abbasi, mwenye ukumbi wa Majengo tulikopiga kila Jumamosi, hakuzungusha maneno.

"Kaka Batholomeo, siku hizi watu wanataka nyimbo fupi. Jumamosi hii wasipocheza, zamu yenu nampa Fahadi na disko lake."

"Nyimbo fupi ni za kutangazia sabuni," nilimjibu.

"Basi tangaza sabuni, kaka, mradi watu wacheze!"

Jumamosi ukumbi ulijaa wauza nafaka, makarani na wanachuo. Fahadi alikwisha kupanga spika zake ukutani, akakalia moja huku akitabasamu. Sikumjali. Nilianza utangulizi wangu, nikipiga kwa gita zile sauti za tarumbeta.

"Jamani, mnatubembeleza tulale?" akauliza mama mmoja meza ya mbele. Watu wakacheka. Nikaendelea.

Mara akaingia Mwalimu Octavian, aliyenisomesha masomo ya jioni. Mtu huyo hawezi kupita mbele yangu nisimwamkie, hata niwe jukwaani. Niliachia nyuzi, nikainua mkono juu.

"Shikamoo, Mwalimu!"

Sasa, katika bendi yetu, mkono wangu ukipanda maana yake ni moja tu: ingieni chemko.

Amiri akaingia. Raphael akaingia kwa nguvu zake zote. Zipora hakuuliza kitu, akadaka kiitikio. Niligeuka kuwazuia, nikasikia viti vinasukumwa nyuma. Yule mama wa meza ya mbele alikwisha kufika katikati ya ukumbi, mabega yanamtetemeka kama kwenye ngoma ya Kigogo hasa! Nikabaki na gita kifuani: niwarudishe wenzangu mwanzo, au niwafuate? Vidole vikaamua kabla ya kichwa. Loo, tulipiga!

Wimbo uliisha mapema mno, maana tulianzia mwishoni. Ukumbi mzima ukapiga kelele, "Tena! Tena!"

Abbasi alipanda jukwaani, shati limelowa jasho. "Rudieni hiyo hiyo!"

"Na zamu yetu?"

"Zamu yenu! Nani kasema naitoa? Pigeni, kaka, watanivunjia ukumbi!"

"Haturudii," nikasema. "Tunapiga nyingine."

Zipora akanisogelea. "Nyingine ipi, kaka? Hatuna."

"Tunazo. Ile nusu saa ina nyimbo saba ndani yake. Tunaikata. Anzeni pale pa twiga."

"Bila utangulizi?" Amiri akauliza, macho yamemtoka.

"Bila hata salamu!"

Zipora akaanza kuimba kabla sijagusa uzi, nami nikamfuata mbio kwa gita.