Nyuzi za Obuya

Nimeimba miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo nimewavumilia wapiga gitaa kumi na mmoja. Sikumpenda hata mmoja. Mpiga gitaa ni mtu anayedhani watu wamelipa kiingilio kuja kutazama vidole vyake. Mwimbaji akifumba macho kwa uchungu wa wimbo, naye anafumba, kana kwamba aliyefiwa ni yeye. Na ukiwaweka wawili katika chumba kimoja, kazi imekwisha. Watabishana nani mkubwa mpaka chai ipoe.

Chumba chetu cha mazoezi kiko mtaa wa nyuma ya River Road, juu ya duka la Abdulrauf, mtu wa Mombasa anayeuza vitambaa vya pazia. Bendi ni ndogo. Kuna mimi, Mutiso wa besi, Shem wa dramu ambaye hasemi mpaka aulizwe, na Obuya wa gitaa. Obuya ni mzee wa Kangemi mwenye miaka sitini na miwili, koti moja la kahawia na maneno ya kuhesabika. Alikuwa amenipigia miaka kumi na sita, na sikumbuki kama niliwahi kumwambia asante.

Agosti mwaka huu tuliitwa Kitisuru. Mama mmoja tajiri alikuwa anatimiza miaka sitini na alitaka muziki bustanini kwake, Jumamosi mchana. Hilo halikunisisimua. Kilichonisisimua ni kwamba miongoni mwa wageni angekuwepo meneja wa hoteli moja ya Westlands aliyekuwa anatafuta bendi ya kila Jumapili. Nina miaka hamsini na minne. Kwa miaka mitatu nilikuwa naimba kwenye harusi za watu wasiosikiliza na matanga ya watu nisiowajua. Nikizipata Jumapili hizo, jina langu lingerudi kwenye mabango. Nikizikosa, nilijua vizuri kwamba simu nyingine haitalia.

Na nilijua wangetaka nini. Wangetaka Awiti. Ni wimbo wangu wa ujana, wa mwanamke anayemtafuta dada yake aliyepotea, na mwishoni namwita Awiti mara tatu, kila mara juu zaidi. Watu husubiri ile ya tatu. Wengine hata hawajui maneno mengine ya wimbo.

Kwa sababu ya meneja huyo nikaongeza gitaa la pili. Nilimchukua Dalmas, kijana wa Waithaka anayepiga kanisani asubuhi na kujirekodi kwa simu alasiri. Ijumaa, siku moja kabla ya shughuli, alipanda ngazi na begi lililojaa vidude vya kukanyaga kwa mguu, na kabla hajalifungua ubishi ukaanza.

Dalmas alisema mpiga gitaa mkubwa ni yule anayeweza kila kitu: jazi, injili, rumba, roki, chochote utakachomwekea mbele. Kizazi cha wazee kilijua mitindo miwili, akasema, na vidole vikakwama hapo. Akatuonyesha kwenye simu kijana wa ng'ambo aliyekuwa anamwaga noti mia kwa pumzi moja. Nilimtazama kijana huyo. Alikuwa kama mtu anayekuna upele.

Mutiso akapandwa na mori. Yeye ni wa benga, na kwa watu wa benga gitaa lazima litamke. Lirudie maneno ya mwimbaji waziwazi hata mtu aliye jikoni, asiyeona jukwaa, ajue ni jina la nani linaitwa. Watoto wa siku hizi, alisema, wanapiga noti elfu na hakuna hata moja iliyosema kitu. Mutiso husema hivyo kila wiki, kwa maneno yaleyale, kisha anajitikisia kichwa kwa kuridhika.

Abdulrauf alikuwa amepanda kulalamikia kelele, akabaki kubishana, kama kawaida yake. Alisema sisi wa bara tunapiga muziki kama watu wanaofukuza ndege shambani. Kwao, fundi ni yule anayepiga kidogo na kumwachia mwimbaji nafasi ya kuvuta pumzi.

Nikawaambia mpiga gitaa mkubwa ni yule aliyekwisha kuzikwa, kwa sababu huyo habishani. Nikaongeza kwamba ugonjwa wao wote ni mmoja, mtu anajisikiliza mwenyewe tu.

"Nyani haoni kundule, dada yangu," Abdulrauf akasema.

Nilidhani anamsema Mutiso, nikacheka. Wote walicheka isipokuwa Obuya, aliyekuwa kwenye kiti chake anafuta gitaa kwa leso.

Dalmas akamgeukia. "Na wewe mzee, unasema aje? Mkubwa ni nani?"

Obuya alifikiri kidogo. "Mpiga gitaa mzuri anafika mapema," akasema.

Hapo nilicheka mpaka nikashika ukuta. Miaka arobaini kwenye gitaa, na hekima yote aliyookota ni ya kumfaa bawabu! Nikamwambia hivyo hivyo, mbele ya kila mtu. Obuya akaendelea kufuta.

Sasa, bendi yetu ina desturi moja. Obuya hufika kwanza, anaweka sauti ya gitaa lake kwa sikio, kisha Mutiso anachukua sauti kutoka kwake. Nikifika mimi, kila kitu kiko tayari na wananisubiri. Hatujawahi kutumia mashine. Dalmas lakini alikuwa na kidude chake, akakibana kwenye shingo ya gitaa lake, akakaza nyuzi mpaka taa ya kijani ikawaka. Kisha akapiga pamoja na Obuya, na ikasikika kama watu wawili wanaogombania mlango. Akakibandua kidude, akakibana kwenye gitaa la mzee.

"Buda, hii gitaa iko chini," alisema. "Na si kidogo. Imeshuka hatua moja na nusu. Na angalia hizi nyuzi, ni nene kama za besi."

Niseme ukweli: nilisikia aibu, na aibu kwangu hugeuka hasira kabla haijafika kooni. Mimi ni mtu wa kujivunia masikio. Nimewahi kumfukuza mpiga kinanda kwa noti moja. Na huyu kijana wa juzi, kwa taa ya kijani, ananionyesha kwamba chombo kinachoniongoza hakiko mahali pake.

"Miaka kumi na sita, Obuya," nikasema. "Miaka kumi na sita unanipigia gitaa limelegea kama kamba ya kuanikia nguo?"

Obuya hakunitazama. Alimtazama Mutiso. "Ni vile mimi huweka," akasema.

Mutiso akaweka besi chini. "Mama Ivyne, hiyo maneno achana nayo. Kuja tuongee hapa nje."

Nikamwambia sina la kuongea nje. Kisha nikasema yote niliyoyaona yanafaa na mengine yasiyofaa: kwamba masikio ya Obuya yameota kutu, kwamba nimembeba kama mzigo kwa sababu ya huruma, kwamba kama angekuwa anatumia mashine kama watu wa leo tungekuwa tumefika mbali. Nikamwambia kesho asije. Mutiso akafungua mdomo tena, nikamwambia na yeye mlango ni uleule.

Obuya alikunja waya wake taratibu, mzunguko juu ya mzunguko. Alipofika mlangoni akamwambia Dalmas kwa sauti ya chini, "Kesho msianze na Awiti. Wacha koo yake ipate moto kwanza." Niliona ni ujeuri. Mtu amefukuzwa na bado anatoa amri. Nikavunja mazoezi, nikaenda nyumbani nikiwa nimejaa uhakika.

Bustani ya Kitisuru ilikuwa na nyasi zilizonyolewa kuliko vichwa vya watoto wa shule. Wageni walipiga makofi kwa vidole viwili, kwa sababu mkono mwingine umeshika bilauri. Dalmas aliweka sauti kwa kidude chake, Mutiso akachukua sauti kutoka kwake akiwa na uso wa mtu anayeandamana na jeneza.

Wimbo wa kwanza ulinibana. Nikalaumu vumbi la maua. Wa pili ukanibana zaidi, nikalaumu spika, nikamwashiria Dalmas apunguze. Wa tatu niliuimba nusu na kuuongea nusu, nikitabasamu. Meneja alikuwa ameketi meza ya mbele, mtu mwembamba mwenye miwani, na mama wa sherehe akamnong'oneza kitu kisha akaniita kwa sauti: Awiti, tafadhali.

Awiti ya kwanza ilitoka. Ya pili niliisukuma kama gari lililokwama. Ya tatu nilifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa mlio wa bawaba kavu, kisha hewa, kisha hakuna. Nilisimama mbele ya watu themanini nikiwa nimeinua mkono, na hakuna sauti.

Dalmas alifanya alichokijua. Alikanyaga vidude vyake akajaza lile shimo kwa noti, noti juu ya noti, karibu dakika nzima, na alipomaliza wale wageni wakaweka bilauri chini wakapiga makofi kwa mikono miwili. Baadaye meneja alikuja jukwaani. Aliniuliza kama nimekunywa maji ya kutosha. Kisha akamwomba Dalmas namba yake ya simu.

Mutiso alinikuta getini, nimekaa juu ya kasha la besi yake. Sikuwa nimelia, na sitaki mtu aseme nililia. Nilimwambia yule kijana ameweka gitaa juu mno, mashine yake ni mbovu.

"Mashine iko sawa," Mutiso akasema. "Hapo ndio wimbo wako ulikuwa tangu zamani. Wewe ndio haufiki tena."

Akanieleza akiwa amesimama, akitazama barabara. Obuya alilegeza nyuzi mara ya kwanza mwaka ule niliotoka hospitali na ugonjwa wa kifua. Alinilegezea nusu hatua, wimbo ukashuka kufuata sauti yangu, na vidole vyake vikabaki palepale, ili nisione mkono umehama. Akashusha tena kabla ya korona. Mara ya tatu ilikuwa Februari mwaka huu, na nyuzi zilipoanza kulia kwa ulegevu akanunua nene. Mutiso alikuwa anashuka naye, na yote hayo yalifanyika kabla sijafika.

"Unafikiri alikuwa anafika saa nzima mbele yako kufanya nini?" akaniuliza.

Nikamuuliza nani mwingine anajua. Akasema wote. Shem anajua. Hata Abdulrauf anajua, alisikia kupitia dari ya duka lake.

Basi mwenye masikio nilikuwa mimi peke yangu, na wote wakasikia isipokuwa mimi. Nimewadharau watu wengi maishani, na wengi walistahili, lakini siku ile getini nilitafuta wa kumdharau nikampata mmoja tu.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda Kangemi. Mke wa Obuya, Jacklyne, alikuwa anachambua mboga mlangoni, akanisogezea kiti bila kuuliza lolote, na kutoniuliza kwake kuliniuma. Obuya alikuwa ndani, amevaa fulana. Njiani nilikuwa nimepanga maneno, na kwa tabia yangu mbaya yalikuwa ya lawama.

"Ulinidanganya," nikamwambia.

"Ndio."

"Ungeniambia. Mimi si mtoto."

"Ningekuambia, ungeacha kuimba," akasema. "Nakujua. Na mimi nilikuwa napenda kusikia wewe ukiimba."

Miaka kumi na sita, na hilo ndilo neno refu zaidi aliloniambia. Aliuliza habari za hoteli, nikamwambia meneja amechukua namba ya Dalmas. Nilitarajia acheke, nami ningepata pa kuanzia ugomvi. Akasema yule kijana anapiga vizuri, ana mkono mwepesi, atajifunza. Nikamwambia nimemkosea. Nililisema vibaya, nikitazama sakafu, lakini nililisema.

Obuya akachukua gitaa kitandani, akakaa mkabala nami. Alikaza nyuzi mpaka pale pa mashine, pale pa ujana wangu, akapiga noti moja nikaitambua mara moja kwa uchungu wake. Kisha akashika kigingi cha kukazia uzi wa kwanza.

"Leo naweka ukiwa hapa," akasema. "Mahali unataka, sema."

Akaanza kulegeza, uzi mmoja baada ya mwingine, polepole, macho yake kwangu. Kila alipotua nilitaka kusema hapo, na kila mara nilijua ni kiburi kinachotaka kusema. Akatua tena. Hapa ndipo alipokuwa ananiwekea tangu Februari, akaniambia. Nikajaribu Awiti ya tatu kwa sauti ndogo. Nilifika, lakini koo lilinibana kwa mkazo uleule ambao kwa miezi nilidhani ndio kuimba kwenyewe.

"Shusha," nikasema.

Akashusha.

"Tena."

Nyuzi sasa zilikuwa zinagonga mbao. Alisema itabidi atafute nene zaidi, kisha akashusha tena kidogo, na nikasema hapo. Jacklyne aliacha mboga zake mlangoni. Nikamwita Awiti mara ya tatu, na iliyotoka ilikuwa sauti ya mwanamke mzee. Obuya aliinamisha kichwa, akaanza kuifuata.