Inchi Sita za Heshima

Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa sijautazama uso wa mama mkwe wangu. Kanga zake nilizijua, sauti yake kutoka nyuma ya ukuta niliijua, na mgongo wake ningeutambua hata gulioni katikati ya watu mia. Kwetu Unyamwezini mama mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Ukikutana naye njiani, unaingia porini kumpisha. Naye, kwa kuwa ana adabu kukuzidi, anaingia porini upande wa pili, na njia inabaki tupu, wanapita mbuzi. Kumgusa ndiyo usiseme kabisa. Aliyemgusa mama mkwe wake ni afadhali ahame mkoa.

Sasa mtu kama huyo ndiye niliyeambiwa nikampakie kwenye pikapu yangu.

Shemeji yangu Eustace, kitindamimba wa mama mkwe, alikuwa apewe ushemasi Jumamosi pale seminari ya Kipalapala. Kila mteule alitakiwa asindikizwe na wazazi wake mpaka mbele ya askofu. Baba yao alikwisha fariki, kwa hiyo wa kumshika Eustace mkono alibaki mama peke yake. Mama alikuwa Goweko, mwezi ulikuwa wa tatu, na barabara ya Goweko mwezi wa tatu ni uji mtupu. Treni ipo, lakini siku zake hazikupatana na siku ya askofu.

Mke wangu Kabula, mimba ya miezi minane, aliweka mikono kiunoni. "Baba Julieth, mama asipofika, mimi na wewe hatutaelewana. Eustace hawezi kutembea ule mwendo peke yake kama mtoto wa kuokotwa."

Pikapu yangu ni nzuri kwenye lami. Kwenye matope tumbo lake linagusa chini, inalala kama ng'ombe aliyeshiba. Nikaenda kwa Hamdun, muuza vipuri na fundi wa springi karibu na soko. Wazee wake walitoka Omani wakaja Tabora kufuata pembe za ndovu. Yeye anafuata magari mabovu, na anasema faida ni ile ile.

"Inchi mbili," akasema kabla sijamaliza kueleza. "Nakuinulia inchi mbili. Springi mpya, shokapu ndefu kidogo, matairi ya meno. Utavuka, inshallah."

"Na nne?"

"Nne ni za wawindaji."

"Na sita?"

Hamdun akavua miwani. "Sita ni za wehu. Propela inakaa mshazari, kwenye kona gari linataka kulala, na mtu hapandi bila ngazi. Gari, bwana Nestory, haliinuliwi kwa sababu ya barabara tu. Unamwangalia na abiria. Abiria wako nani?"

"Mama mkwe."

"Goti lake likoje? Mguu anaunyanyua mpaka wapi?"

Masikio yakaniwaka moto. Goti la mama mkwe! Mimi hata kisigino chake sijapata kukiangalia. Nikamwomba Hamdun apunguze sauti, dukani kuna watu.

"Basi muulize mkeo," akanong'ona.

Ningemuulizaje? Mwanamume aingie ndani, avue viatu, aseme mke wangu naomba habari za goti la mama yako? Nikaona bora nifuate utaratibu. Nikaenda kwa Mjomba Elieza, kaka mkubwa wa mama mkwe, anayekaa jirani yetu hapa Ipuli. Ana miaka sabini na minane, anazijua mila zote, na anazikumbuka zaidi zile zinazowahusu wengine.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Nimesikia unataka kupima miguu ya dada yangu."

Mji huu! Nilikuwa nimetoka dukani dakika kumi tu. Nikaeleza, nikaapa, nikatoka jasho. Mjomba akafikiri sana, kisha akatoa hukumu. Kuuliza goti la mkwe ni sawa na kuligusa, kwa hiyo haliulizwi. "Lakini mimi na dada yangu Sayi tumenyonya titi moja. Mguu wangu ndio mguu wake. Utapima huu."

Naapa nililiona jambo hilo lina akili.

Kesho yake Hamdun akapanga matofali pembeni ya pikapu, ngazi kwa ngazi, yaani kimo cha sakafu ya gari likiinuliwa inchi mbili, nne, sita. Mjomba alikuja amevaa koti la harusi. Akakunja suruali, akaweka mguu kwenye tofali la kwanza kwa dharau. Watu wawili wakapiga makofi. Akapanda la pili. Sasa walikuwa watu kumi, na mama wa vitumbua aliacha kikaango chake kuja kuona. Mzee yule akavuta pumzi, akarusha mguu juu mpaka tofali la mwisho kama kijana anayeruka uzio, akasimama huko anatetemeka.

"Ongeza!" akasema.

"Mzee, wewe unatembea kila siku kwenda misa," Hamdun akambembeleza. "Na dada yako je?"

"Tumbo moja! Tena sikiliza. Wazazi wengine watakuja na magari makubwa. Heshima ya mkwe ni kukaa juu. Inchi mbili ni za kuku."

Hamdun akanitazama mimi. Hapo ndipo ningesema neno la maana, nami sikusema. Miaka kumi na miwili yule mama amenilelea mke, ameniletea karanga, ameniuguzia mtoto, na sijawahi kumwambia asante ana kwa ana. Nilitaka gari liseme ninachokatazwa kusema, tena liseme kwa sauti kubwa.

"Sita," nikasema.

"Mimi onyo nimeshalifikisha," akasema Hamdun, akaanza kukusanya matofali yake.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tulitoka, Kabula mbele na mimi, Mjomba nyuma kwenye bodi juu ya kiti tulichokifunga kwa kamba. Siwezi kusema uongo, gari lilipendeza. Dimbwi lililomeza lori la tumbaku sisi tulilipita maji yakiwa mbali chini. Mjomba alikuwa akiwapungia mkono wenye baiskeli. Njia ile waliipita wapagazi na misafara yao enzi hizo, na nadhani hakuna aliyewahi kuipita akiwa juu namna ile.

Goweko nilishuka nikageukia boneti, kama inavyonipasa. Nyuma yangu nikasikia mlango, kisha fimbo, hatua moja, na kitu kinaburuzwa. Fimbo, hatua, kuburuza.

"Mama," Kabula akasema, "goti limefanya nini?"

"Miezi mitatu hii halikunji. Sikutaka kuwasumbua."

Nikamtazama Mjomba. Mjomba akatazama mawingu.

Tulileta kigoda, hakikufika. Tukaweka kigoda juu ya meza, meza ikazama kwenye tope. Mwishowe Mjomba mwenyewe akaona kichuguu kando ya bani la kukaushia tumbaku, kirefu hasa, chenye mteremko mzuri upande wa nyuma. Nikasogeza gari mpaka mlango ukagusana nacho. Mama mkwe akapanda kichuguu taratibu na fimbo yake, Kabula akimtangulia, akaingia garini kama anaingia chumbani kwake. Mimi muda wote nilikuwa nimefumba macho. Kabula akakaa katikati yetu awe ukuta. Hakuna aliyeuliza mama atashukaje, na mimi niliyelifikiria nikawasha gari.

Njiani mama mkwe akasema, "Kabula, mwambie mumeo gari lake zuri. Naona mpaka mashamba ya watu wa ng'ambo."

"Mama anasema gari zuri."

"Mwambie mama asante."

"Anasema asante."

Tulikuwa tumeachana kwa urefu wa mkono. Nilifurahi mpaka nikakosea gia.

Kipalapala tulifika saa nne kasoro robo. Uwanja ulikuwa umejaa, mlinzi akatuelekeza tukaegeshe kule chini kwenye mahindi. Kengele ya kwanza kati ya tatu ikalia. Watu wote walikuwa wameshaingia kanisani, na sisi tukaanza kutafuta kichuguu.

Tulizunguka shamba mara mbili. Mafrateri wa pale, wale wanaosomea upadre, ni watu wa kazi. Vichuguu vyote walikwisha vichimba wakafyatulia matofali. Mjomba alisimama kwenye bodi akawa mlinzi wa doria. "Kile pale!" Tukaenda mbio, kikasimama, kikapiga mkia, kikaondoka. Alikuwa ng'ombe. "Seminari nzima hii," Mjomba akalia, "inafundisha falsafa na haina hata kichuguu kimoja!"

Nikazima gari, nikamteremsha Kabula kwa upande wangu. Kabula alitaka kumpokea mama, nikamkataza, na tumbo lile. Mjomba akashuka, akapiga magoti pale mlangoni ili dada yake amkanyage begani. Mama hakuthubutu, na Mjomba hakuweza kuinuka mpaka Kabula alipomvuta. Kabula akaanza kulia. "Eustace ataitwa jina, atasimama peke yake."

Nilikasirika. Nilizikasirikia mila, nikayakasirikia matofali na mguu wa Mjomba, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe na inchi zangu sita. Nimekuja kumheshimu mama wa watu, nikamfungia juu kama kuku kwenye tenga, mwanawe akiwa hatua mia mbili kutoka pale.

"Nestory."

Hakusema mwambie mumeo. Jina langu, kutoka kinywani mwake. Nikaliangalia tairi.

"Naam, mama."

"Kwenu walikuwa wapagazi?"

"Ndiyo, mama. Babu yake babu alifika Bagamoyo mara nne."

"Alibeba nini?"

"Pembe."

"Aliiuliza pembe ni mama mkwe wa nani?"

"Hapana, mama."

"Basi. Mimi kuanzia hapa mpaka mlango wa kanisa ni mzigo. Geuza mgongo."

"Sayi!" Mjomba akapiga kelele. "Mila!"

"Kaka, wewe nyamaza na mguu wako. Kabula amenieleza yote."

Nikageuza mgongo. Kiti kilikuwa sawasawa na mabega yangu. Nikasikia fimbo inakabidhiwa Kabula, kisha mikono miwili ikanizunguka shingo, na mama mkwe wangu akanikalia mgongoni. Nilikuwa nimejikaza kwa uzito mkubwa. Aliyenipanda alikuwa mwepesi, jamani, mwepesi mno. Robota la tumbaku linamshinda. Mtu niliyemkimbilia porini miaka yote hiyo ni mifupa na kanga mbili na harufu ya sabuni ya mche. Machozi yakanitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Nikaanza kupanda kilima cha kuelekea kanisani. Mafrateri wawili waliokuwa mlangoni wakageuka kutushangaa. Mjomba, alipoona tunatazamwa, akabadili dini papo hapo, akatangulia mbele anapunga kofia. "Pisheni! Pisheni mzigo!"

Kwaya ilikuwa imeanza. Nikakaza mwendo, karibu nikimbie, mlango hatua thelathini tu mbele yetu. Ndipo pumzi ya mama ikanifikia sikioni, kwa sauti ndogo ambayo Kabula hakuisikia.

"Punguza mwendo, mwanangu. Kengele bado mbili. Tukifika pale nitakuwa mkweo tena."

Nikapunguza mwendo.