Siku Saba za Kunywesha Zege

"Nani ameanika kahawa juu ya zege langu?"

Adventina aliuliza swali hilo saa moja asubuhi, kofia ngumu nyeupe imemkaa upande na ndoo ya maji mkononi. Hakujibiwa, kwa sababu aliyepaswa kujibu alikuwa anafukuza kuku. Zege la sakafu ya zahanati ya kijiji, huku Mabira, lilikuwa limemwagwa jana yake, Jumatatu, mpaka saa kumi jioni. Aliliacha la kijivu, limesawazishwa vizuri hata akalipiga picha tisa na kumtumia mama yake zote. Sasa lilikuwa jekundu kwa kahawa mbivu kutoka barazani hadi chumba cha mwisho.

"Shikamoo, bibi," alisema, kwa kuwa hata na hasira zake alikuwa hajasahau alikolelewa.

"Marahaba, mwana wange. Umeamka?" Bibi Eustadia, ambaye shamba lake lilipakana na eneo la ujenzi, alirudi kwenye kigoda chake pembeni mwa sakafu na kulaza fimbo magotini. "Karibu. Ila vua hayo mabuti, utanikanyagia kahawa."

"Bibi, hapa ni zahanati."

"Najua. Mawe ya msingi nimeyabeba kwa kichwa hiki. Tuliambiwa hii ni zahanati ya wananchi. Sasa wananchi ni akina nani, hawa kuku?"

Adventina aliitua ndoo. Somo la namna hiyo hawakumfundisha chuoni.

Ilikuwa kazi yake ya kwanza. Shahada ya uhandisi alikuwa nayo kwa miezi minane, kazi kwa siku kumi na moja. Bosi wake Methodius, mkandarasi mwenye ofisi nyuma ya duka la mbolea pale Omurushaka, alikuwa amemfukuza msimamizi aliyemtangulia kwa sababu ya sakafu iliyopasuka, na alimsimulia Adventina habari hiyo siku ya kwanza, kwa upole kabisa, huku akimmiminia chai. Jumanne ijayo injinia wa wilaya angekuja kukagua. Zege likiwa zima, kazi inaendelea. Likiwa na nyufa, Adventina angepanda basi kurudi Ihembe kwa mama yake, ambaye alikwisha kusimama mbele ya usharika mzima na kutangaza kwamba binti yake anajenga hospitali.

Na zege jipya, ili liwe imara, linataka kuloweshwa siku saba mfululizo. Kahawa, ili iuzike, inataka pakavu na pasafi. Ugomvi wote ulikuwa huo.

"Bibi, zege lina kiu," Adventina alieleza, amechuchumaa. "Likikauka haraka linapasuka. Lazima nilinyweshe maji siku saba."

Bibi Eustadia aligonga sakafu kwa fimbo. Ko, ko. "Hili ni kavu tayari."

"Linaonekana kavu."

"Kwa hiyo unalilowesha ili likauke."

"Ndiyo. Yaani, hapana. Ili likomae."

"Na hayo umeyasomea miaka mingapi?"

"Minne, bibi."

"Pole sana," alisema Bibi Eustadia, na pole yake ilikuwa ya kweli.

Kahawa iliondolewa siku hiyo, kikapu kwa kikapu, huku Adventina mwenyewe akisaidia kuzoa. Kijana wa bodaboda alileta madumu ya maji kutoka mtoni, sakafu ikaloweshwa, ikameta. Kisha upepo wa kiangazi ukapita kutoka upande wa vilima, na baada ya saa moja palikuwa pakavu kama hapakuguswa. Adventina alipanda bodaboda kwenda kusimamia maji mengine. Aliporudi, kahawa ilikuwa imerudi pia, na sasa si ya mtu mmoja.

Jumatano walikuwa wamekwisha kugawana. Mistari ya chaki aliyoichora yeye mwenyewe kuonyesha kuta zitakapopita iliwasaidia sana, maana hakuna aliyegombana na jirani juu ya mpaka. Bibi Eustadia alichukua wodi ya wazazi. Familia ya Dusabe ilikuwa kwenye stoo ya dawa. Kwenye choo cha wagonjwa hapakuwa na mtu. Kila mmoja aliyepelekwa kukiona alisema asante, atasubiri.

Adventina aliandika kwenye ubao kwa rangi nyekundu: MARUFUKU KUANIKA HAPA. Jioni aliukuta ubao umelazwa juu ya turubai la mtu ili lisipeperushwe. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Kashaija, ambaye alimsikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kwa masikitiko na kusema jambo hili ni baya, ni baya sana, ataitisha kikao.

"Lini, mzee?"

"Kahawa ikikauka."

"Mzee, na wewe umeanika pale?"

"Kidogo tu," alisema mwenyekiti. "Iko chumba cha mganga. Haimsumbui mtu."

Fundi mkuu, Gaspari, mtu wa makamo aliyeanza kushika mwiko kabla Adventina hajazaliwa, alikuwa amekaa kivulini akila ndizi za kuchoma. Alipoombwa ushauri alitafuna kwanza. "Mimi, Injinia, nimejenga miaka thelathini. Kazi yangu ni kumwaga. Likishamwagwa namwachia Mungu."

"Na Mungu analinywesha lini?"

"Masika," alisema Gaspari.

Usiku wa siku hiyo mama yake alipiga simu, kama alivyopiga kila siku tangu aanze kazi, na swali lilikuwa lile lile.

"Nyumba imesimama?"

"Bado, mama. Tuko kwenye sakafu."

"Sakafu siku ngapi hizo? Watu wa kwaya wananiuliza."

Alhamisi asubuhi aliuona ufa. Ulikuwa kwenye kona ya wodi ya wazazi, mwembamba kama unywele, na haukuzidi urefu wa kidole. Adventina alipiga magoti, akaupapasa, akaupaka mate, akaona mate yanazama. Siku ya tatu tu. Zilibaki nne, na jua lilikuwa ndiyo kwanza linapanda. Alivua kofia, akaiweka chini, akalia. Hakulia kwa staha. Alilia kwa kwikwi, kamasi na yote, huku akimwaza mama yake mbele ya usharika, akitafuta maneno.

"Umefiwa?" Bibi Eustadia alikuwa amefika na kikapu chake kichwani.

Adventina alimwonyesha ufa. Bibi aliinama akautazama muda mrefu.

"Ni huu?"

"Ndiyo, bibi."

"Nyumbani kwangu nina ufa napitisha mkono." Lakini alikitua kikapu bila kukimwaga. "Inuka. Hujala. Mtu hawezi kulilia sakafu akiwa na njaa."

Alimtanguliza kwenye njia ya kwenda kwake, katikati ya migomba. Adventina alitembea macho chini, buti zikizama kwenye nyasi kavu zilizotandazwa shamba zima, kama zilivyotandazwa kwao Ihembe na kila nyumba yenye watu wanaojiheshimu. Akajikwaa kwenye kisiki cha mgomba. Mkono wake uliingia chini ya nyasi hadi kifundoni, na hakuutoa.

Chini palikuwa na ubaridi. Udongo ulikuwa na unyevu wa kushikamana, wakati mvua ya mwisho ilinyesha wiki tano zilizopita.

Aliutazama mkono wake wenye tope. Utoto wake wote alikuwa amebeba nyasi hizi kichwani hadi shingo ikauma. Angeweza kueleza kazi ya nyasi hizo, kutunza unyevu, akiwa darasa la pili. Kisha akaenda kusoma miaka minne juu ya maji na saruji, na zile nyasi akaziacha nyumbani pamoja na jembe. Alijiona mjinga, na papo hapo akafurahi kuwa mjinga.

"Bibi," alisema, angali amepiga magoti, "naomba nyasi."

"Za nini?"

"Za kutandaza kwenye zege."

Bibi Eustadia aligeuka kabisa. Kuombwa chumvi ni jambo la kawaida, na mkungu wa ndizi hutolewa hata kwa mpita njia. Lakini nyasi za migombani, kiangazi, kwa mtu ambaye hata hajawa mkwe!

"Wewe mtoto unajua nyasi zinatoka wapi siku hizi?"

"Najua. Mbali."

"Na unataka nikaivalishe saruji."

"Siku nne tu, bibi. Mnatandaza, mimi namwagia, unyevu unakaa. Jumanne mkaguzi akishaondoka, mnachukua nyasi zenu na sakafu ni yenu." Alijifuta tope mkononi. "Mpaka matofali yaje. Hayajachomwa hata, ni wiki tatu mbele. Wote mtaanika. Hata kwenye choo."

Ruhusa ya kuahidi hivyo hakuwa nayo. Sakafu ilikuwa ya mkandarasi mpaka ikabidhiwe, mkandarasi alikuwa Methodius, na Methodius hakuwa ameulizwa. Bibi alimkazia macho.

"Neno lako au la bosi wako?"

"Langu, bibi."

"Basi simama, utie kitu tumboni. Nyasi ni nzito."

Bibi alipitisha neno kwa majirani, kahawa ikahamia kwenye mikeka majumbani, na kufika saa nane mchana sakafu ilikuwa haionekani. Wanawake walitandaza kwa ustadi wa nyumba za zamani, zile za msonge, ambazo sebule zake hazikuwa na mkeka wala kapeti ila nyasi laini zilizopangwa zote zikielekea mlangoni. Gaspari aliacha kivuli akaja kutazama. Adventina alimwagia madumu sita, akasubiri saa moja, akaingiza mkono. Maji yalikuwepo. Alisubiri saa nyingine, akaingiza tena, na safari hii alicheka peke yake kwa sauti.

Bibi Eustadia ndiye aliyekuwa taabu sasa. Kwa kuwa nyasi zilikuwa zake, alihamia pale na kigoda. Alilinda sakafu dhidi ya mbuzi na watoto, na Jumamosi dhidi ya ng'ombe saba wa jirani mmoja, Mutabazi, waliotoka malishoni wakaona kuna mtu amewaandalia karamu. Aliilinda hata dhidi ya injinia mwenyewe.

"Wewe! Vua mabuti!"

"Bibi, ni mimi."

"Nimekuona. Zege linakunywa. Pita pembeni."

Na kila aliyeuliza kuna nini hapo, alielezwa na Bibi kwamba zege likikauka upesi linapasuka, lazima linyweshwe siku saba, na kwamba mambo haya yanataka kusomewa.

Jumanne saa nne gari lilifika. Alishuka Injinia Rwezaura wa wilaya, mrefu, mwenye nyundo ndogo na kalamu mbili mfukoni. Nyuma yake akashuka Methodius, aliyetazama nyasi, akatazama migomba, akatazama tena nyasi.

"Adventina," alisema polepole, kwa sauti ile ile ya siku ya chai. "Zahanati iko wapi?"

"Iko chini, bosi."

Nyasi ziliondolewa. Sakafu ilitokea chumba kwa chumba, imeiva, rangi ya mvua. Injinia Rwezaura alitembea akigonga, kichwa ameinamisha kusikiliza, Adventina akimfuata hatua kwa hatua. Kwenye kona ya wodi ya wazazi alisimama.

"Huu ufa?"

"Ulitokea siku ya tatu, mzee. Kosa langu, niliacha pakakauka. Baada ya nyasi haujaongezeka hata kidogo. Nilikuwa naupima."

Alichuchumaa, akapima, akaandika. Kisha kalamu ikatulia kwenye kitu cha duara, cheusi, kilichozama hatua moja kutoka pale. Alijaribu kukichokoa. Hakikutoka.

"Na hii nini?"

"Kahawa, mzee. Punje moja. Nadhani iliingia siku tunamwaga."

"Kwenye mchoro haipo."

"Haipo, mzee."

Bibi Eustadia, aliyekuwa amesimama karibu, aliangalia vilima kwa utulivu mkubwa.

Rwezaura aliinuka, na ndipo alipowaona. Kando ya njia walikuwa wamejipanga watu wapatao thelathini, kimya na kwa adabu, wenye vikapu na magunia. Mwenyekiti Kashaija alikuwa wa pili kwenye foleni.

"Zahanati haina hata ukuta," alisema Rwezaura. "Hawa wanasubiri nini?"

Methodius alimtazama Adventina. Gaspari alipata kazi ya haraka ya kusafisha mwiko uliokuwa safi. Adventina aliona basi la kwenda Ihembe, akaona kiti cha dirishani. Kisha akaona Bibi Eustadia hamtazami, anamwachia mwenyewe.

"Wanasubiri uondoke, mzee," alisema. "Niliwaahidi waanike. Walinipa nyasi zao. Bosi hakujua, ni mimi."

Injinia Rwezaura alitazama foleni, akatazama jua lilipofika, kama anavyotazama mtu aliyekulia kwenye kahawa. Akatia sahihi kwenye jalada na kulifunga.

"Basi niondoke," alisema. "Saa tano hii, wanapoteza jua."

Methodius alibaki nyuma kidogo. Alifungua mlango wa gari, akaufunga, akarudi.

"Matofali yakifika nataka hapa peupe."

"Sawa, bosi."

"Na hayo mambo ya nyasi, uniandikie. Nina sakafu nyingine kule Omurushaka."

Vumbi la gari lilikuwa halijatulia vikapu vilipoanza kumwagwa. Kahawa ilikuwa imekwisha kukaa siku kadhaa kwenye mikeka majumbani, imekuwa nyeusi, inalia ikimwagwa. Bibi Eustadia alitandaza kwanza, kwenye wodi yake, akiacha pengo dogo kuzunguka ile punje moja iliyofungwa kwenye zege. Adventina alivua mabuti bila kuambiwa. Akavua soksi, akaingia, akaanza kugeuza kahawa kwa miguu, akiburuta nyayo kwa mistari, kama alivyofundishwa akiwa na miaka mitano.

Simu ikaita.

"Nyumba imesimama?"

"Mama," alisema, "sikiliza."

Aliinama akaishusha simu karibu na sakafu, akaburuta mguu kutoka kona hadi kona. Kahawa ililia yote kwa pamoja.

"Hiyo bado siku mbili ikauke," alisema mama yake. "Geuza na za kwenye kona."