Barua ya Sifuri

Dada aliumia akiwa kazini. Alikuwa juu ya ngazi akipachika pazia la mteja, akarudi nyuma hatua moja kutazama kama limenyooka, akasahau kwamba yuko juu ya ngazi. Pazia lilikuwa limenyooka. Mguu haukuwa.

Tangu siku hiyo alishinda kitini katikati ya duka lao la mapazia, mguu wenye plasta ukilazwa juu ya jora la bitana, akitoa amri kwa fimbo ya kupimia. Kazi ziliendelea kutoka. Kilichokoma kuingia ni hela, kwa sababu dada ndiye aliyekuwa akienda kudai, na alikuwa na namna yake. Alibisha hodi jioni, akakaribishwa, akauliza hali za watoto, akanywa alichopewa. Neno deni halikumtoka kamwe. Akiinuka kuaga ndipo mkono wake ulipolifuata pazia la mwenyeji, ukashika pindo kwa vidole viwili, ukalisugua kidogo. “Limekaa vizuri,” alisema. Basi. Kabla vidole havijaachia kitambaa, mwenye nyumba alikuwa ameshaingia chumbani kutafuta pochi.

Mdogo wake, aliyekuwa akipima madirisha na kuweka hesabu, hakujaliwa mkono huo. Alikuwa mtu wa kuona haya. Akidaiwa aliona haya. Akidai aliona haya zaidi. Aliwahi kutumwa kwa muuza mkaa kufuata salio la mto mmoja wa kochi, akarudi amenunua gunia. Pale dukani walimwita Profesa, na hakuna aliyemwita hivyo kwa nia ya kumsifu. Kompyuta alijifunza peke yake, kwa kitabu alichopata kwa bei ya kutupa kwa kuwa kurasa za mwisho zilikuwa zimechanika. Ndiyo maana mambo mengi alijua kuyaanza.

“Ijumaa, saa sita mchana,” dada alisema Jumatatu ile, akikata simu. “Mwenye majora hangoji zaidi ya hapo. Tusipompelekea hela, kitambaa tulichoagiza kwa kazi ya nyumba ya wageni anampa mwenzetu wa ng’ambo ya barabara, na kazi inakwenda na kitambaa.”

“Na hii mashine?” aliuliza Pilipili bila kuinua mguu kwenye pedali. Pilipili alikuwa mshonaji wao, mwepesi wa sindano na mwepesi zaidi wa ulimi. Mashine aliyoikalia ilinunuliwa kwa ajili ya kazi ya nyumba ya wageni, na yeye aliajiriwa kwa ajili ya mashine.

“Kazi ikienda, mashine tutaiuza.”

“Yaani mimi.”

Dada alitazama mguu wake kama mtu anayemtazama mtoto aliyevunja sahani.

“Nitawaandikia barua,” Profesa alisema.

“Nani na nani?”

“Wadaiwa wetu wote. Majina yamo kwenye kompyuta, madeni yamo, na vitu walivyochukua vimo. Mimi natunga barua moja tu na kuacha nafasi wazi. Kompyuta inajaza: jina hapa, deni pale. Zinatoka zote kwa mkupuo.”

“Na pindo atashika nani?”

“Barua haina haja ya kushika pindo, dada.”

Faida yenyewe hakuitaja: barua haioni haya. Mtu anaweza kuipitisha chini ya mlango na kuondoka bila kuonana na uso wa binadamu.

Aliitunga kutwa nzima. Alifuta, akaandika, akafuta. Mwishowe ikasimama hivi: *Kwa heshima na taadhima, tunapenda kukukumbusha kuwa unadaiwa kiasi cha* (hapo nafasi), *kwa ajili ya* (nafasi nyingine). *Tafadhali lipa kabla ya Ijumaa. Ukishindwa, hatua zitachukuliwa.* Hatua gani, mwenyewe hakujua. Ila aliisoma mara kadhaa kwa sauti ya chini na kila mara aliogopa kidogo, akaona inatosha.

Alipokuwa karibu kuchapisha, wazo likamjia. Majina yalikuwa shaghalabaghala, kwa jinsi wateja walivyoingia dukani. Ofisi yenye adabu hupanga majina kwa alfabeti. Akaichagua safu ya majina na kuiamuru ijipange. Kompyuta ikafungua kidirisha na kumuuliza jambo. Profesa hakuwa na desturi ya kusoma vidirisha. Alishajifunza kwamba kompyuta, kama wageni, hupenda tu kuitikiwa. Akabonyeza Sawa.

Majina yakajipanga, mazuri kama watoto wa shule mstarini. Madeni yalibaki yalipokuwa.

Jioni alizungusha barua mtaa mzima, zikiwa na muhuri wa duka, akizisukuma chini ya milango na kuondoka kwa haraka. Kama kungekuwa na mtu dirishani, angedhani ni mwizi anayerudisha mali. Usiku alilala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi kubwa.

Wa kwanza kufika alikuwa fundi viatu, kabla hata dada hajaketi sawasawa. Barua aliishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

“Nani kaandika hii?”

Pilipili alimwonyesha Profesa kwa kidevu, bila hata chembe ya huruma.

“Neti tatu za watoto wachanga!” alifoka fundi. “Mimi! Mke wangu kaisoma kabla yangu. Ananiuliza hao watoto watatu wako wapi. Nimelala kwenye kiti, bwana!”

“Pole, kaka. Huenda kuna…”

“Mimi nadaiwa pazia la mlangoni, la buluu, na nilibakiza nusu! Tena shika nusu yako hii. Niandikie stakabadhi, iandike PAZIA kwa herufi kubwa, nikamwonyeshe.”

Akalipa, akaondoka. Hajapotelea kona, akaingia mama wa saluni, akilia kwamba kadaiwa pazia moja la mlangoni, tena la buluu, rangi asiyoipenda hata kwenye kucha. “Mimi nilichukua foronya kumi na mbili! Mnanijua mimi ni mtu wa pazia moja? Mnataka mtaa useme saluni imefilisika?” Akahesabu hela ya foronya mezani, kwa kishindo, ili majirani wasikie.

Pilipili akasimamisha pedali. “Profesa, hebu njoo. Mbona kila mtu kapewa deni la mwenzake?”

Profesa alifungua kompyuta, akatazama. Dada akanyoosha fimbo ya kupimia mpaka kwenye kioo na kuufuata mstari mmoja baada ya mwingine. Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga.

“Umekata majina ya watu,” alisema mwishowe, “ukayashona kwenye nguo za wengine.”

“Nitawafuata mmoja mmoja, niwaombe radhi.”

“Kaa hapo.” Mlangoni walishaingia wengine wawili, wenye barua na wenye hasira. “Waache waje.”

Wakaja. Tangu duka lifunguliwe hakukuwa na wiki iliyoleta hela kama ile. Mtu akidaiwa deni lake la kweli huwa na safari, mgonjwa, ada, na kesho. Akidaiwa lisilo lake, anakuja mbio kusema lake ni lipi, na akishalisema mbele ya watu hana tena pa kulificha. Pilipili akasema Profesa amevumbua dawa. Dada akamwambia asikivimbishe kichwa cha mtu ambacho hakina kitu ndani. Profesa mwenyewe hakucheka. Kila mlango ulipolia alijikuta ameshika kalamu kama ngao.

Alhamisi alasiri walihesabu. Lilikuwa limebaki deni moja tu, lakini ndilo kubwa kuliko yote: mapazia ya ghorofa nzima, ya mwenye duka la dawa. Mitaani walimwita Daktari, ingawa hajawahi kumtibu mtu. Bila deni hilo hela za majora hazitimii. Na Daktari peke yake ndiye ambaye hakuja kulalamika.

Aliyekuja ni Bibi Posta.

Alikuwa mzee aliyefanya kazi posta mpaka akastaafu, na barua kwake ilikuwa kitu cha kuheshimiwa. Alikuwa amevaa kama mtu aliyeitwa mahakamani. Hakufoka. Aliomba kiti, akaketi, akatoa bahasha nene kwenye mkoba na kuiweka mezani karibu na mkono wa Profesa.

“Mjukuu wangu, nisamehe kwa kuchelewa,” alisema. “Barua nimeipata. Nimeyatafuta hayo mapazia nyumba nzima. Nimefungua kila kabati, nimepekua hadi chini ya kitanda, siyaoni. Nikasema labda nimempa mtu nikasahau. Siku hizi nasahau. Juzi nimetia chumvi kwenye chai.” Akajaribu kucheka. “Lakini deni ni deni. Hizi nilikuwa nimeziweka za mabati. Hesabu, mwanangu, kama zimetimia.”

Mashine ya Pilipili ilinyamaza. Dada aliacha kujipepea. Ndani ya bahasha ile zilikuwamo hela zilizopungua, zote. Kila mmoja alikuwa akimtazama Profesa.

Yeye alitazama mikono ya yule mzee. Akamwona anapiga magoti sakafuni, anachungulia chini ya kitanda akitafuta mapazia ya Daktari.

Akaisukuma bahasha ikarudi kwa mwenyewe.

“Bibi, wewe hudaiwi hata senti. Ulichukua mito miwili ukalipa siku hiyohiyo. Hujasahau kitu. Aliyesahau ni mimi. Nilipanga majina nikayaacha madeni nyuma.”

“Si kichwa changu?”

“Si chako. Ni hiki.” Akajigonga paji la uso.

Bibi Posta alivuta pumzi ndefu, akaitwaa bahasha, na uso wake ukarudi kuwa wa mtu wa ofisini. “Barua yako haikuwa na tarehe,” alisema. “Na haionyeshi mtu ajibu kwa nani. Posta tungeirudisha.”

“Ndiyo, bibi.”

Alipokwisha kutoka, Pilipili akaanza tena kushona, polepole. “Umefanya vizuri,” alisema bila kugeuka. “Nitaikumbuka mashine hii.”

Profesa alirudi kwenye kompyuta kutafuta: kama deni la Daktari lilikwenda kwa Bibi Posta, Daktari alipata nini? Alipoliona, akafunika uso. Mistari yao ilikuwa imebadilishana. Bibi Posta hakuwa na deni, na hakuna aliyeiambia kompyuta kwamba sifuri haidaiwi.

Ijumaa asubuhi dada alimtazama akivaa viatu. “Unakwenda na barua nyingine?”

“Nakwenda mwenyewe.”

“Kunywa utakachopewa,” alisema dada.

Daktari alikuwa ameibandika barua ile ukutani, juu ya sanduku la dawa za kikohozi, ili wateja waisome. *Unadaiwa kiasi cha 0, kwa ajili ya mito miwili. Ukishindwa, hatua zitachukuliwa.*

“Karibu, Profesa!” aliita kwa furaha. “Sifuri yenu niliileta jana. Hamkuiona?”

Wateja wawili waliokuwa kaunta walicheka. Profesa alihisi masikio yakiwaka. Miguu ilimwomba warudi nyumbani. Akakaribishwa nyuma ya duka, akaketi, akapewa soda, akainywa. Akauliza hali za watoto. Soda ikaisha. Akainuka kuaga. Mlango wa kwenda stoo ulikuwa na pazia lao. Mkono wake ulikwenda wenyewe, ukashika pindo.

Daktari akaangua kicheko. “Huo mkono ni wa dada yako, wewe umeuazima! Barua yenu hii hapa, ina muhuri wenu. Sifuri!”

“Ni kweli,” Profesa alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. “Makosa ni yangu, na mtaa mzima umeshanicheka. Ila deni lako lilikwenda kwa Bibi Posta. Amekesha akiyatafuta mapazia yako chini ya kitanda chake. Alidhani akili inamtoka. Jana alikuja kukulipia, kwa hela za mabati yake.”

Kicheko kilikatika. “Mkapokea?”

“Hatukupokea.”

Daktari alitazama pazia, halafu soda tupu, halafu ukuta wenye barua. Akaenda kwenye droo ya fedha. Alihesabu zilizokuwamo zikawa nusu ya deni. Nusu nyingine alimtumia dada kwa simu, akibonyeza namba kwa nguvu kama anayezikomesha. Kisha akaibandua barua ukutani, akaikunja, akamkabidhi.

“Usimwambie yule bibi kwamba niliibandika.”

Majora yaliingia dukani saa sita ikikaribia, mabegani mwa wapagazi. Pilipili alichana plastiki kwa meno, akanusa kitambaa, akakalia mashine yake kama anayepanda kiti cha enzi.

“Sasa, Profesa,” dada alisema, “warudishie watu majina yao.”

Profesa aliketi, akafungua hesabu upya kutoka kwenye nakala ya zamani, akachagua safu, na kidirisha kikatokea tena. Safari hii alikisoma, neno kwa neno, kidole kikiwa juu ya kioo. Kilikuwa kinamuuliza, kwa upole kabisa, kama majina haya yahame pamoja na yaliyo jirani yao, au yaende peke yake.

Kumbe iliuliza. Siku ile mtu pekee aliyekuwa na adabu pale mezani alikuwa kompyuta.