Kisima Namba Saba

Rahima alikuwa na kumbukumbu za visima ishirini na vitatu, na ishirini na viwili vilikubaliana na vipimo vyake. Wiki tatu nzima alikuwa amezunguka vijiji vya Muleba akichomeka vyuma ardhini na kupitisha umeme, apate kuchora yaliyomo chini: wapi kuna mwamba mzima, wapi umepasuka ukashika maji. Namba saba ndiyo iliyomkatalia. Vipimo vyake vilionyesha maji kwenye mita kama ishirini, karibu na zahanati. Karatasi ya zamani ilisema mwamba mkavu mpaka mita sitini, na chini yake kulikuwa na sahihi ya baba yake.

Baba huyo, Mzee Muhidini, alichoronga visima miaka thelathini kabla mgongo haujamkalisha nyumbani, Miembeni. Rahima angeweza kuiacha karatasi ile kimya kimya. Jumamosi aliichukua akaenda nayo.

"Taata, naomba usikasirike."

"Nimeshakasirika. Wiki tatu hujaja kula hapa."

Mzee alivaa miwani, akasoma. Rahima akaanza kumtetea kabla hajaulizwa: vifaa vilikuwa vya zamani, labda aliyenakili alikosea.

"Hakuna aliyenakili, mwanangu. Ni mimi." Akaivua miwani. "Gari lilizama matopeni kabla hatujafika zahanati. Tukachoronga pale pale, juu kwenye rweya, kwenye nyasi tupu. Pakawa pakavu. Nikaandika nilikotumwa, siyo nilikofika. Nilimwogopa bosi."

"Na wanakijiji?"

"Waliambiwa zahanati haina maji."

Hasira ilimpanda Rahima, lakini mzee alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto anayesubiri fimbo, naye hakuweza kuendelea nayo.

"Kesho utanionyesha mahali penyewe," alisema. "Mgongo ukikushinda nitakubeba."

Hakumbeba. Mzee alipanda mteremko mwenyewe, akipumzika kila hatua chache, mpaka akapapasa kifuniko cha chuma kilichozama kwenye nyasi. Rahima alipima hapo: mwamba mkavu, kama karatasi ilivyosema. Akakihamisha kisima namba saba kwenye ramani, na safari hii kila kitu kikakubaliana.

Mwezi wa saba mtambo ulichoronga pale zahanati. Maji yaliruka ulipofika mita ya kumi na tisa, yakawalowesha waliokuwa karibu. Katikati ya vigelegele Muhidini aliomba asikilizwe, akasema yote bila kujitetea. Klaudia, muuguzi aliyelazimika kuwabebesha wajawazito ndoo zao wenyewe za maji miaka yote hiyo, alimsogelea.

"Umechelewa, mzee," alisema. "Lakini umekuja mwenyewe. Njoo ukae, kuna ebitooke, ndizi bado zina moto."

Baada ya kula, mzee aliomba aione ramani. Rahima akaitandaza juu ya boneti, akamwonyesha tabaka moja moja kwa rangi zake.

"Kumbe ndiko nilikokuwa nashusha vyuma," alisema taratibu. "Miaka thelathini, sijawahi kupaona."

Upepo ulikuwa ukivuta karatasi. Rahima alishika upande mmoja, baba yake mwingine, wakaendelea kuitazama.