Nyonga Mpya ya Verlyn

Nimechoka kuulizwa kipofu ana haja gani na bastola. Kibali cha jimbo letu la Iowa, hapa Marekani, ninacho, mafunzo nilipitia, na sababu ninayo: mwaka juzi mwizi aliingia humu mchana kweupe, mimi nimekaa sebuleni namsikiliza akifungua droo moja baada ya nyingine. Sitaki yanikute tena.

Mwalimu wangu alinipa masharti mawili. Uliza "Nani?" mara tatu. Kisha usifyatue mpaka mdomo wa bastola umemgusa huyo mtu, maana huna macho ya kulenga.

Mlango wa jikoni siufungi kwa ufunguo. Huku kwetu majirani hupitia mlango wa nyuma bila kubisha, na kwa miaka thelathini nimewajua kwa hatua zao. Verlyn, mfuga nguruwe wa shamba la pili, alikuwa anaburuta mguu wa kushoto. Ningemtambua katikati ya kanisa zima.

Jumatatu, saa nane mchana, mlango ukafunguka. Hatua nzito za mwanamume, sawasawa, nisizozijua. Nikaitoa bastola.

"Nani?"

Hatua zikazidi kuja.

"Nani wewe?"

Mara ya tatu sauti yangu ilitoka kama ya mgonjwa. Nikanyoosha mkono, kidole kwenye kifyatulio, na bastola ikagonga kitu. Ting. Bakuli la kioo. Halafu harufu ya viazi na nyama ya kusaga, moto kutoka tanurini.

"Arlys," Verlyn akasema polepole, "hiyo ndiyo asante ya chakula?"

Nikampigia kelele sikioni. "Mbona huitiki, we mzee?"

"Kifaa changu cha kusikilizia nimekisahau nyumbani."

"Na mguu?"

"Si nilikwambia naenda kuwekewa nyonga mpya? Natembea kama kijana."

Aliniambia kweli. Nilisahau. Nikakaa sakafuni nikalia, na yeye akaiondoa bastola mkononi mwangu, akaiweka juu ya friji.

Hakumwambia mtu, na chakula bado analeta. Ila siku hizi anabisha hodi, kisha anasimama nje kwenye theluji mpaka nifike mlangoni. Nimemsihi mara ngapi aingie tu kama zamani.

"Hapana, Arlys," anasema. "Wala usijali. Nangoja."