Mwenyeji Ni Nani

Mume wangu, ambaye figo zake zimeshindwa, husafishwa damu kwa mashine katika hospitali ya mji wa pili, na mara nyingi tulifika tukaambiwa mashine imeharibika, turudi. Safari ya bure humwangusha kabisa. Dada yake, wifi yangu, ni muuguzi huko. Kila asubuhi huingiza kwenye hifadhidata yao, ghala la taarifa ndani ya kompyuta, mashine zipi ni nzima. Wakubwa wake waliniruhusu nitengeneze programu ya kuzisoma taarifa hizo tukiwa nyumbani. Mimi ni fundi cherehani, ila jioni nasomea JavaScript, lugha ya kuandikia programu, pamoja na vijana wanaoniita Mama Mkubwa.

Asubuhi ile mume wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa tayari, akinisubiri. Kila nilipoiwasha programu ilijibu kwamba muunganisho umekataliwa. Nilihakiki nenosiri herufi kwa herufi. Nikaomba, nikajaribu tena. Nikampigia wifi, naye akasema kompyuta yao inawaka, hifadhidata iko wazi, anwani yetu imeruhusiwa, lakini kwao hakuna aliyebisha hodi; kabla sijamuuliza habari za mashine, akaitwa kwa mgonjwa na simu ikakatika.

"Labda hawakutaki, fundi," mume wangu akanitania. "Kwani unamwita nani huko?"

Nikamwonyesha mstari wa programu unaotaja kompyuta ya kuitwa, wenye neno localhost. Darasani niliandika kwamba maana yake ni mwenyeji, na kwa kuwa wifi ndiye mwenyeji wetu kule, nikaona limefaa.

"Na hapa nyumbani mwenyeji ni nani?"

"Mimi."

"Basi hujatoka, mke wangu."

Nikalisoma tena lile neno: ni mwenyeji wa hapa hapa, yaani kompyuta ileile inayoita. Kumbe kompyuta yangu ilikuwa ikijigongea mlango wake yenyewe, na humo hakuna hifadhidata yoyote. Nikalifuta lile neno, nikaandika anwani ya kompyuta ya hospitali, nikafumba macho nikasema, Bwana, utuhurumie. Ikakawia. Halafu mistari ikashuka: leo mashine zote zinatengenezwa, kesho asubuhi moja itakuwa tayari, na bado ina nafasi ya mgonjwa.

Nilimsomea polepole. Akauliza kama ni kweli leo hatuendi popote. Nikamwambia ni kweli. Akashusha pumzi ndefu, akaninyooshea mikono yake iliyovimba nimvue koti. Nilianza na ule wa kushoto, taratibu, kwa sababu ndio unaochomwa sindano za kusafishia damu. Nikamlaza, nikamfunika, naye akapitiwa na usingizi kabla sijamaliza kushukuru.